Kijana na gari kuukuu la Kiingereza: Mzazi ajue haya kabla ya kusema ndiyo

Mtoto wa miaka 16 akimwambia mzazi anataka gari, mzazi hufikiria ajali na gharama. Akisema gari analolitaka haliwaki, limeliwa na kutu na lina umri mkubwa kuliko wa baba yake, wazazi wengi hucheka wakidhani ni utani.

Uingereza huo si utani. Kufufua magari madogo ya spoti ya miaka ya 1960 na 1970 ni burudani yenye vyama vyake, maduka yake ya vipuri na hata vyuo vya kufundishia kazi hiyo. Vijana wa kike na wa kiume wamo. Baadhi huanza kabla hawajafikisha miaka 17, umri ambao sheria ya nchi hiyo inamruhusu mtu kuanza kujifunza kuendesha gari barabarani.

Kwa familia ya Waswahili inayoishi Leicester, Reading au London, ombi hilo linaweza kufika mezani wakati wa chakula cha jioni. Kwa familia iliyopo Dar es Salaam au Mombasa litakuja kwa sura nyingine: Land Rover ya babu iliyolala chini ya mwembe, au Volkswagen ya zamani ambayo kijana ameona kwenye simu jinsi inavyofufuliwa. Maswali ya mzazi ni yale yale. Je, mtoto atatoka salama? Fedha zitaishia wapi? Na je, kuna cha maana atakachojifunza?

Magari yenyewe ni yapi

Mawili yanayochaguliwa sana na wanaoanza ni MGB na Triumph Spitfire. Yote mawili yalianza kuuzwa mwaka 1962, na yote mawili yaliacha kutengenezwa mwaka 1980.

MGB iliundwa Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford. Pamoja na ndugu zake wa karibu yalitengenezwa zaidi ya magari 500,000, na mengi yaliuzwa Marekani. Injini yake ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,798. Mwanzoni ilitoa nguvu farasi 95, kiasi ambacho leo kinazidiwa na magari mengi ya kawaida ya kwenda sokoni.

Triumph Spitfire ilitoka Coventry, na sura yake ilichorwa na Mwitaliano Giovanni Michelotti. Ni ndogo na nyepesi kuliko MGB. Boneti yake hufunguka pamoja na mabawa yote ya mbele, ikaelekea mbele kama kifuniko cha sanduku, na injini ikabaki wazi kabisa. Fundi anaweza hata kukaa juu ya tairi la mbele huku anafanya kazi.

Magari haya yanapendwa na wanaojifunza kwa sababu ni rahisi kuyaelewa. Hayana kompyuta wala vihisio. Petroli huchanganywa na hewa kwenye kabureta, cheche hutoka kwenye koili na kugawanywa kwa zamu kwenye plagi, na kila kitu kinaonekana kwa macho. Ukibadilisha kwa bahati mbaya waya mbili za plagi, injini itakohoa na kutetemeka, na sababu utaipata kwa kufuatilia waya kwa kidole.

Pia vipuri vipo. Tangu mwaka 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza bodi mpya kabisa za MGB, kwa kutumia mitambo ya zamani iliyookolewa. Ni magari machache sana ya umri huo ambayo mtu anaweza kuagiza bodi nzima mpya.

Kazi kubwa ni kutu

Kijana anayetazama video huona injini ikiwaka mwishoni na watu wakishangilia. Asichokiona ni miezi ya kusugua chuma.

Adui wa gari la Uingereza ni kutu. Nchi ina mvua nyingi, na wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huingia kwenye mikunjo ya bodi na kukaa humo. Kwenye MGB sehemu inayooza sana ni ule mhimili wa bodi unaopita chini ya milango. Kwa kuwa gari hilo halina chesisi ya peke yake, mhimili huo ndio unaozuia gari lisikunjike katikati, hasa lile lisilo na paa la chuma.

Hapo ndipo wengi huumbuka. Kijana hununua gari linalong'aa, halafu sumaku iliyofungwa kitambaa inakataa kunata mlangoni chini, kwa sababu pale hapana chuma. Kuna plasta ngumu iliyopakwa rangi. Akiikata sehemu hiyo iliyooza bila kwanza kuishikiza bodi kwa vyuma vya muda, bodi hulegea na milango haifungi tena.

Spitfire ina chesisi, kwa hiyo ni afadhali kidogo kwa anayeanza. Lakini nayo ina mtego wake. Kwenye miguu ya mbele kuna viungo vya shaba vinavyogeuka pamoja na tairi. Viungo hivyo vinataka oili nzito, siyo grisi. Vikikauka, chuma kinachoshika tairi huweza kukatika, na tairi la mbele likalala gari likiwa kwenye mwendo.

Ndiyo maana mzazi asiyejua magari hapaswi kumpeleka kijana kununua peke yao. Uingereza kuna vyama vya wamiliki; MG Car Club, kwa mfano, kilianzishwa mwaka 1930. Ndani ya vyama hivyo wapo wazee waliofungua na kufunga magari haya kwa miaka 40. Mmoja wao akilala chini kulikagua gari kwa nusu saa kabla fedha hazijatoka, anaweza kuokoa akiba ya miaka miwili.

Hatari ya kwanza: chini ya gari

Kwa upande wa afya, jambo la kwanza kabisa ni uzito. MGB ina karibu tani moja. Likimwangukia mtu kifuani, hawezi kuvuta pumzi, na dakika chache zinatosha kumuua.

Jeki ni ya kunyanyulia. Haikuundwa kulishikilia gari mtu akiwa chini yake. Mafuta ya jeki yanaweza kuvuja, jeki inaweza kuteleza, na gari lenye kutu linaweza kutoboka pale jeki iliposhika. Kanuni ni moja na haina msamaha: gari likishanyanyuliwa huwekwa juu ya stendi za chuma, kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakiwa yamewekewa vizuizi. Matofali ya saruji hayafai kwa sababu hupasuka ghafla bila onyo.

Kabla ya kuingia chini, gari lisukumwe kwa mikono. Kama litayumba, bora liyumbe wakati hakuna mtu chini yake. Na kijana asiingie chini ya gari akiwa peke yake nyumbani. Kanuni hizi zinafaa Birmingham kama zinavyofaa gereji bubu ya Buguruni.

Hatari ya pili: vumbi la breki

Magari ya miaka hiyo yalitumia asbestosi kwenye pedi na shuu za breki, kwenye klachi na kwenye baadhi ya gasketi. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi ya aina zote mwaka 1999, lakini gari lililofungiwa ghalani tangu kabla ya hapo linaweza bado kuwa nayo.

Nyuzi za asbestosi ni nyembamba mno kuonekana kwa macho. Zikivutwa hukaa kwenye mapafu, na zinaweza kusababisha saratani, ikiwamo ile ya utando unaozunguka mapafu. Ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza miongo kadhaa baadaye. Kijana wa miaka 16 anayepuliza vumbi leo anaweza kulipia akiwa na wajukuu.

Ile tabia ya kufungua ngoma ya breki na kuipuliza kwa mdomo au kwa pampu ya upepo ndiyo mbaya kuliko zote, na kwenye gereji nyingi za Afrika Mashariki inaonekana kila siku. Kufagia vumbi kavu nako hakufai. Vumbi hulowanishwa kwanza, likafutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikatupwa ndani ya mfuko uliofungwa. Kwa gari ambalo historia yake haijulikani, ni busara breki za kwanza kabisa kufunguliwa na fundi mwenye vifaa na barakoa ya kuchuja chembe ndogo. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Pedi mpya zikishafungwa, kijana anaweza kuendelea mwenyewe.

Petroli, moshi na betri

Petroli iliyokaa kwenye tangi miaka 20 hunuka kama rangi na huziba kabureta. Lazima itolewe. Hapa mzazi wa Kiafrika anajua kishawishi: mpira mdomoni, unanyonya, inatoka.

Petroli ikiteleza ikaingia kwenye mapafu, hata kwa kiasi kidogo, huchoma na kuleta homa kali ya mapafu. Aliyeimeza asitapishwe, kwa sababu inapopanda tena ndipo huingia njia ya hewa. Maziwa si dawa yake. Awahishwe hospitali hata kama anaonekana mzima, maana kikohozi na kubanwa na pumzi vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye. Pampu ndogo ya mkono ya kuhamishia mafuta ni bei rahisi kuliko siku moja wodini.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto, iwe jiko, hita au cheche ya swichi. Kwa hiyo kazi ya mafuta hufanyika nje, betri ikiwa imechomolewa, na kizimamoto kikiwa karibu.

Injini ikiwaka kwa mara ya kwanza, furaha humfanya kijana asahau mlango. Moshi wa gari la zamani una gesi ya kaboni monoksidi kwa wingi, kwa sababu halina kifaa cha kusafisha moshi kama magari ya sasa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huanza kwa kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi usioamka. Injini isiwashwe ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Gari lisukumwe nje kwanza.

Betri nayo hutoa gesi ya haidrojeni inapochajiwa, na cheche moja inaweza kuilipua na kurusha tindikali usoni. MGB za awali zilikuwa na betri mbili za volti sita nyuma ya viti, mahali pa giza panaposahaulika. Tena, kabla ya mwaka 1967 magari hayo yalifungwa waya wa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Anayechaji au kuunga waya bila kujua hilo anatafuta matatizo.

Kuchomelea na kupaka rangi

Kuziba matundu ya kutu kunahitaji kuchomelea. Mwanga wake huunguza macho kwa sekunde chache tu. Maumivu huja usiku, macho yakiwa kama yamejazwa mchanga. Anayetazama pembeni huumia vilevile, kwa hiyo wadogo zake wasisimame mlangoni kuangalia cheche.

Moshi wa kuchomelea uliwekwa mwaka 2017 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Pia kuna dawa za kusafishia breki zenye klorini ambazo zikikutana na joto la kuchomelea hutoa gesi ya sumu kali. Chuma kilichosafishwa kwa dawa hiyo kisichomelewe.

Kwenye rangi kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Rangi nyingi za kisasa za magari, zile zinazochanganywa na kikaushio kabla ya kupulizwa, zina kemikali ziitwazo isosianeti. Hizo ni miongoni mwa sababu kuu za pumu inayotokana na kazi nchini Uingereza. Mtu akishapata pumu ya aina hiyo, kiasi kidogo tu cha kemikali kinaweza kumbana tena. Barakoa ya kawaida haitoshi. Mafundi hutumia barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira, ndani ya chumba maalumu.

Ushauri kwa familia ni mfupi: kijana apige msasa kwa maji, apake dawa ya kuzuia kutu kwa brashi, aandae bodi mpaka iwe laini. Rangi ya mwisho ikapulizwe na fundi. Mwenye pumu tangu utotoni asikaribie kabisa.

Risasi inayoingia sebuleni

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Kuisugua kavu hujaza vumbi kwenye nywele na nguo. Petroli nayo ilitiwa risasi kwa miongo mingi. Uingereza iliacha kuiuza kwa umma kuanzia mwaka 2000. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo tangi la gari lililolala tangu miaka ya 1990 linaweza kuwa na mafuta ya namna hiyo.

Risasi huathiri ubongo unaokua. Anayeweza kuumia zaidi ndani ya nyumba huenda asiwe kijana mwenyewe, ni mdogo wake wa miaka miwili anayetambaa zulia lile lile na kuweka vidole mdomoni, au mama mjamzito anayefua ovaroli.

Basi ovaroli ibaki gereji na ifuliwe peke yake. Viatu vya kazi visivuke mlango. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na isioshwe kwa petroli kama ilivyo desturi ya mafundi wengi. Petroli huondoa mafuta ya ngozi na kuiacha ikipasuka. Glovu nyembamba za mpira zivaliwe kila anaposhika oili chafu.

Fedha na muda

Mzazi aambiwe ukweli huu mapema: gari likishamalizika, mara nyingi litauzwa kwa bei ndogo kuliko jumla ya fedha zilizoingia. Anayelifufua kwa lengo la faida atavunjika moyo. Ni gharama ya kujifunza, kama ada.

Vifaa navyo vina bei. Boliti nyingi za magari haya hupimwa kwa inchi. Boliti ya nusu inchi ina milimita 12.7, na spana namba 13 inaingia lakini inacheza. Ukiilazimisha, kichwa cha boliti kinakuwa duara na kazi ya dakika tano inakuwa ya siku mbili. Seti ya spana za inchi ndiyo ununuzi wa kwanza.

Magari mengi yanayotangazwa kuwa yameachwa nusu yalikufa kwa namna moja. Mwenyewe alianza kwa kufungua kila kitu. Kuvunja kunafurahisha na ni kwepesi. Wikendi mbili zinatosha gari kuwa masanduku. Kisha ikaja mitihani, ikaja baridi, boliti zikachanganyika, na hamu ikaisha.

Njia inayofaa wanaoanza ni kufanya sehemu moja, kuimaliza, kisha kwenda nyingine. Kwa kawaida breki hutangulia, maana gari lisilosimama halifai kujaribiwa. Hufuata mfumo wa mafuta, waya, kisha bodi. Kila kinachofunguliwa kipigwe picha kwa simu, na boliti zake ziwekwe kwenye mfuko wenye jina.

Faida ya malezi iko humo humo. Nafasi ya pointi za kugawia cheche kwenye MGB nyingi ni milimita 0.35 hadi 0.40, na injini haijali kama aliyeipima ana hasira au ana haraka. Kijana hupima, hukosea, hupima tena. Hujifunza kusoma kitabu cha maelekezo hadi mwisho, na hujifunza kumuuliza mtu mzima bila aibu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayeunda ndiye anayeuelewa msemo huo.

Kwa anayependa zaidi, kazi ipo. Bicester Heritage, iliyokuwa kambi ya jeshi la anga katika mkoa wa Oxfordshire, leo ni makao ya karakana za magari ya zamani, na pana chuo kinachofundisha vijana ufundi huo huku wakifanya kazi. Mafundi wanaojua kabureta wanazeeka, na magari bado yapo.

Sheria ikisema ruksa, bado angalia

Uingereza gari lililotimiza miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara. Tangu Mei 2018, magari mengi ya umri huo ambayo hayajabadilishwa kwa kiasi kikubwa hayalazimiki pia kupita ukaguzi wa kila mwaka. Kwa kijana mwenye mfuko mwembamba habari hiyo ni tamu, lakini kwa mzazi inapaswa kuwa onyo: hakuna atakayelikagua gari hilo mtoto wako anapoingia barabarani.

Ukaguzi wa hiari unaruhusiwa na gharama yake si kubwa. Ufanyike kabla ya safari ya kwanza, na urudiwe kila mwaka.

Gari likiwa bado linatengenezwa, mamlaka ya leseni na magari ya nchi hiyo, DVLA, hupaswa kujulishwa kwamba haliko barabarani. Bima nayo iulizwe mapema kabla gari halijanunuliwa, kwa sababu baadhi ya kampuni hukataa madereva wadogo. Mzazi asiandikishe bima kama dereva mkuu wakati anayeendesha ni mtoto. Huo ni udanganyifu kisheria, na siku ya ajali bima inaweza kukataa kulipa.

Kuna na hili la gari lenyewe. MGB na Spitfire hazina mifuko ya hewa wala breki zinazozuia tairi kukwama. Breki za nyuma ni za ngoma. Ukigongana na gari la kisasa lenye uzito maradufu, mwili wako ndio unaopokea. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Kijana aliyetumia miaka miwili kulijenga gari asidhani gari litamlipa fadhila.

Kwa sababu hiyo familia nyingi hukubaliana kijana ajifunze na kufanya mtihani kwa gari la kawaida la sasa. Gari la zamani hutolewa siku kavu, mchana, barabara zenye utulivu, na mtu mzima akiwa kiti cha pili kwa miezi ya mwanzo. Mikanda ya viti ibadilishwe iwe mipya ya bega na kiuno. Tairi ziangaliwe tarehe. Mpira wa miaka 15 unaweza kuwa na kashata nzuri na bado ukapasuka.

Makubaliano ya kuandikwa

Mzazi akiona mambo haya yote anaweza kutaka kusema hapana. Ni haki yake. Lakini kijana anayetaka kushika spana mara nyingi ataishika tu, kwa rafiki au kwenye gereji ambako hakuna anayemjali. Ndani ya uwanja wa nyumbani walau kuna macho.

Kinachosaidia ni karatasi moja iliyobandikwa ukutani kabla gari halijafika. Mambo haya yasikosekane:

Kwanza, haingii mtu chini ya gari bila stendi, na haingii mtu akiwa peke yake nyumbani. Ukivunjwa mara moja, kazi inasimama mwezi mzima.

Pili, kuna kazi tatu ambazo ni za fundi: kufungua breki za zamani kwa mara ya kwanza, kuchomelea mihimili inayobeba gari, na kupuliza rangi.

Tatu, miwani ya kinga huvaliwa kila grainda, brashi ya waya au nyundo inaposhikwa. Nywele ndefu hufungwa, kamba za shingoni na pete huvuliwa.

Nne, kuna kiasi cha fedha kwa mwezi, na kikiisha kimeisha. Kijana achangie kutoka kwenye kazi zake za likizo, hata kama ni kidogo.

Tano, shule ikitetereka gari linafunikwa turubai. Turubai si adhabu. Gari lililosubiri miaka 50 litasubiri mitihani.

Sita, injini ikiwa tayari, mtu mwingine anayejua magari atakagua breki, usukani na mikanda kabla gurudumu halijagusa lami.

Mzazi asiyejua lolote kuhusu magari asijitoe. Kushika tochi, kupitisha spana na kuuliza kifaa hiki kina kazi gani kunatosha. Kijana wa miaka 16 asiyetaka kuzungumza mezani huweza kueleza kabureta kwa dakika 20 bila kupumzika, na katikati ya maelezo hayo akasema jambo la shuleni ambalo mzazi amelisubiri wiki nzima.

Kabla ya kutafuta gari lenyewe, familia inaweza kuanza na kidogo: stendi mbili za chuma, miwani ya kinga, kizimamoto na seti ya spana za inchi. Kijana akikubali kuvinunua hivyo kwanza, gari likisubiri, mzazi atakuwa ameshapata jibu la nusu ya maswali yake.